Nilijua nyimbo arobaini na hata moja sikuwahi kuimaliza

Gitaa langu la kwanza nililinunua Kariakoo mwaka 2013, la mtumba, nyuzi za chuma, ubao umepauka upande mmoja kama lilikaa dirishani miaka mingi, na nyuzi zimesimama juu ya shingo kiasi kwamba ukibonyeza kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) vidole vinabaki na mistari mpaka kesho yake. Muuzaji akaniambia, "Bosi wangu, ukilizoea hili, mengine yote utaona mchezo." Nikaamini, nikatoa hela. Miaka minne baadaye fundi mmoja akanichongea kile kidaraja kinachobeba nyuzi, kazi ya dakika ishirini tu, gitaa likalainika mpaka nikacheka kwa hasira. Miaka minne nateseka bure na najiona mwanaume.

Ila tusimsingizie muuzaji kila kitu. Kwa miaka tisa mimi nilikuwa mtu wa kurudi kazini (nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, siku zangu zinajaa karatasi na mihuri), naoga, nakula, nachukua gitaa naanza kupiga. Napiga nini? Ninachokijua. Kile kiutangulizi changu cha siku zote, zile kodi nne zangu za G, nikichoka nafungua YouTube natafuta wimbo mpya, najifunza sekunde thelathini za mwanzo, pakianza kuwa pagumu nakumbuka kuna wimbo mwingine mzuri zaidi nahamia huko. Mama watoto alikuwa ananiambia "piga basi na mwisho wake", mimi najibu mwisho unafanana na mwanzo.

Piga hesabu ya haraka, dakika arobaini kwa siku, siku tano kwa wiki, miaka tisa, inakuja kama masaa 1,500 na ushee. Masaa 1,500! Kuna watu wanapata leseni ya urubani kwa machache kuliko hayo. Mimi nilikuwa na mianzo arobaini ya nyimbo, na wageni wakija nyumbani wanasema "jamaa anapiga huyu" kwa sababu hakuna mgeni anayekaa zaidi ya sekunde thelathini kabla hajaanza kuongea na mtu wa pembeni.

Aliyenifumbua macho ni mpiga dramu.

Mwaka 2022 rafiki yangu mmoja ana kabendi ka harusi na send-off, wakapungukiwa mtu wa rithim, lile gitaa la kushikilia mapigo, akanipigia simu, "Kaka wewe si unapiga gitaa, njoo utushikie wiki mbili tu." Nikasema rithim? C, F na G? Hiyo nitapiga huku nakula. Nikaenda Tabata, mazoezi yako sebuleni kwa mpiga besi, makochi yamesukumwa ukutani, feni inazunguka haitoi upepo. Tukaanza. Sehemu ya kuimba ikapita vizuri tu, nikaanza kujisikia. Halafu ikaja sebene, ile sehemu ndefu ya magitaa ya watu kucheza.

Ambaye hajawahi kupiga rithim kwenye sebene anadhani kazi iko kwa solo, yule wa gitaa la kuongoza, maana solo ndiye anayeonekana. Sasa wewe mwenye rithim una kodi tatu na kamkono kamoja, unazunguka hapo hapo dakika sita, saba, nane, watu wanacheza, na wote wamekukalia wewe mgongoni. Ukiharakisha kidogo wote wanaharakisha. Ukilegea wote wanalegea. Dakika ya pili mkono wangu wa kulia ukaanza kukakamaa kama mtu aliyebeba ndoo, dakika ya tatu nikawa nakimbia, na nilikuwa najua kabisa nakimbia, ila nikijaribu kupunguza nakosa kodi, nikirekebisha kodi nakimbia tena. Mpiga dramu akasimamisha fimbo. Hakuwa na hasira hata, alisema taratibu tu, "Broo, unakimbia." Tukarudia. "Broo." Tukarudia. Mara ya nne hakusema kitu, akachukua simu yake akaanza kuchat.

Siku hiyo hiyo wakati tunakunywa soda nje ndio akanielekeza kwa mzee mmoja Mwananyamala, akasema alishika rithim kwenye bendi za dansi enzi zile bendi zinamilikiwa na jeshi, polisi, jumuiya ya wafanyakazi na mashirika ya umma, mwanamuziki analipwa mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Jina lake siliweki hapa, hapendi, na akisoma haya atanipigia simu.

Nilimkuta barazani anatengeneza redio. Shikamoo, marahaba, nikaeleza shida yangu, akaniuliza swali moja tu.

"Unajua nyimbo ngapi?"

"Arobaini hivi, mzee."

"Nipigie mmoja. Wowote. Mpaka mwisho."

Nikashika gitaa. Nikaanza wa kwanza, nikakwama katikati. Nikasema aah, ngoja huu mwingine, nikakwama. Wa tatu nikafika kwenye kiitikio nikasahau kinaendaje. Yule mzee hakunicheka, bora hata angecheka. Alirudi kwenye redio yake akawa anapuliza vumbi ndani ya spika, mimi nimekaa na gitaa mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie.

Halafu akasema, "Wewe hujawahi kufanya mazoezi, mwanangu. Wewe umekuwa unajiburudisha. Si vibaya. Ila usichanganye."

Kiukweli iliniuma. Masaa yangu 1,500 yule mzee kayafuta na sentensi tatu.

Akaniambia enzi zao saa nne asubuhi mtu yuko kwenye mazoezi, akichelewa anakatwa hela, na hampigi wimbo mzima mnaousifia, mnapiga pale panapowashinda. Hapo tu. Kiongozi wa bendi anasema "kutoka kwenye kiitikio kuingia chemko", yaani pale wimbo unapochangamka watu wacheze, basi mnapiga hako kamlango asubuhi nzima mpaka wote mnapita bila kugongana, jioni ukumbini mtu anayecheza hajui kama pale palikuwa na mlango. Nilipomuuliza kwa nini yeye hakutaka solo, maana miaka ya sabini kila kijana alitaka kuwa Mbaraka Mwinshehe (si unajua walimwita Soloist National, akaja kufariki kwa ajali ya gari kule Kenya Januari 1979), mzee akasema, "Mbaraka walikuwa wanamtaka wote, nafasi ilikuwa moja." Halafu akanitajia Simaro Lutumba, ambaye alikaa kwenye rithim ya TP OK Jazz, bendi ya Franco ya kule Kongo, miaka na miaka, na huyo huyo ndiye aliyekuwa anatunga nyimbo ambazo watu wazima wakizisikia wanakaa kimya. Ujumbe umefika mzee.

Tukakubaliana niwe naenda Jumamosi, elfu kumi kila nikienda, na masharti mawili. La kwanza ninunue daftari. La pili, siku sita zingine nifanye dakika arobaini na zisizidi. Zisizidi! Mimi nilitegemea aseme masaa matatu. Akasema ukifanya masaa matatu leo kesho utasema umechoka, keshokutwa una msiba, wiki imekwisha.

Zile arobaini akazikata vipande. Dakika tano kupasha vidole na kutyuni gitaa kwa sikio, bila kuangalia simu. Ile ya kubonyeza freti (vile vigawanyo vya shingoni) ya tano kwenye uzi mnene upate sauti ya uzi unaofuata, unapanda hivyo mpaka ufike uzi wa tatu (nyuzi zinahesabiwa kuanzia ule mwembamba), hapo unabonyeza ya nne, halafu unarudi ya tano. Mimi nilikuwa natumia simu tangu siku ya kwanza na masikio yangu yalikuwa yamelala usingizi wa pono, wiki nzima ya kwanza nilikuwa siwezi kusema kama uzi uko juu au uko chini, najua tu kuna kitu kinakera.

Dakika kumi ni za kubadilisha kodi. Hapa ndipo daftari linapoingia. Unaweka saa ya dakika moja kwenye simu, unahama kutoka C kwenda F na kurudi, unahesabu mara ngapi umefika kodi ikalia yote, nyuzi zote, hamna uzi uliozibwa. Unaandika. Siku ya kwanza niliandika 14. Kumi na nne! Mtu wa miaka tisa! Tena nilijiibia mbili. Na sababu niliiona hapo hapo kwenye kuhesabu, kitu ambacho miaka yote sikukiona: kidole cha shahada kilikuwa kinatangulia kulala, halafu vingine vinakuja kimoja kimoja kama abiria wanaoshuka daladala. Mzee akanionyesha vyote vitatu, vinne, viinuke pamoja vikae pamoja, na visiinuke juu sana, nafasi ya kupitisha karatasi tu. Wiki hiyo namba ikashuka ikawa 11, nikampigia simu nalalamika, akacheka sana akasema vizuri, sasa ndio umeanza. Wiki ya tatu nikafika 31. Wiki ya sita 46, na hapo sikuwa naangalia tena.

Kwenye kutoangalia nishukuru na mgao wa umeme. Kuna wiki umeme ulikuwa unaondoka saa moja jioni, saa yangu ile ile, chaji ya simu naitunza, taa hamna, nakaa kwenye kochi gizani napiga. Wiki moja ya giza ilinifundisha shingo ya gitaa kuliko vidio za miaka tisa. Mama watoto anasema nilionekana kama mchawi.

Dakika kumi na tano ni za kipande kimoja, na hiki ndicho kiini chenyewe. Kipande kidogo. Mzee alikataa wimbo, alikataa hata ubeti. Alinipa mapigo manne tu ya rithim, yale ya kuingilia sebene, akasema weka metronomu, ile ya kugonga mapigo, 60 kwa dakika. Mimi nikaona dharau, 60 ni kama saa ya ukutani, tiki, tiki, usingizi mtupu. Ebu jaribu. Kupiga polepole bila kukimbia ni kugumu kuliko kupiga haraka, maana kwenye kasi makosa yanajificha kwenye kelele na polepole kila kosa linasimama peke yake limewashwa taa. Kanuni yake ilikuwa hivi, mara tatu mfululizo safi unapanda kwa nne, 64, 68, ukikosea hata mara moja unaanza kuhesabu upya, ukikosea mara tatu unashuka. Hamna kujadiliana. Kuna siku nilianza na 80 nikamaliza na 72, naandika kwenye daftari "72" mkono unatetemeka kwa aibu. Ila kesho yake nikafika 84 kirahisi, na hiki ndicho sijakielewa vizuri mpaka leo, kwamba mara nyingi kitu hakikai siku unapokifanya, kinakaa ukilala.

Alisisitiza jambo moja ambalo nilikuwa nalidharau: vidole havina akili ya kuchagua. Ukirudia kosa mara ishirini vidole vinajifunza kosa, tena vinalijifunza vizuri sana, vinakuwa mabingwa wa hilo kosa. Nikakumbuka ile mianzo yangu arobaini. Kila mmoja nilikuwa nauanza kwa kasi ya kwenye redio, najikwaa pale pale kila siku, naruka naendelea. Yaani nilikuwa na masaa 1,500 ya mazoezi ya kujikwaa.

Dakika kumi za mwisho ni zako, piga unachotaka, hamna saa hamna daftari. Hizi nilikuwa naziona kama pipi ya mtoto aliyemaliza dawa, baadaye nikaelewa, nitafika huko.

Kuna mtu atasema hizi ni hadithi za wazee, sasa nikasome kidogo (mimi nikishaambiwa kitu na mzee lazima niende kuhakikisha, ndio ugonjwa wangu). Mwaka 1993 mwanasaikolojia mmoja Anders Ericsson na wenzake wawili walitoa utafiti wao wa wanafunzi wa fidla kwenye chuo cha muziki cha Berlin, ndio huo ambao baadaye watu waliukata wakabaki na kale kamsemo ka masaa elfu kumi utakuwa bingwa, mpaka Ericsson mwenyewe akalalamika wamemwelewa vibaya. Ukiusoma, hausemi kaa masaa mengi basi. Wale waliokuwa bora ndio waliofanya zaidi mazoezi ya peke yao, yale ya kukaa na kitu kinachokushinda, wakayafanya kwa vipindi, saa moja na nusu hivi halafu mtu anapumzika, na kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba walikuwa wanalala mchana kuliko wenzao. Nilimsomea mzee hiyo sehemu ya kulala mchana. Akasema hawa wazungu wana akili.

Sasa nieleze nilipoharibu, maana sio kwamba nilipewa utaratibu nikawa malaika.

Mwezi wa pili nilinogewa na namba. Nilikuwa nafikiria daftari hata nikiwa bandarini nasubiri muhuri. Nikawa nataka 100, nataka 120, nikaacha zile dakika kumi za raha nikaziongeza kwenye kipande, arobaini zikawa sitini zikawa tisini, kifundo cha mkono kikaanza kuuma nikapaka dawa ya kuchua nikaendelea. Jumamosi nikaenda na kifua mbele, nikampigia mzee ule mkato wa rithim kwenye 116, safi kabisa, hamna hata uzi mmoja uliokosea. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Cherehani."

"Samahani mzee?"

"Umekuwa cherehani. Inashona vizuri, ila haichezi."

Akachukua gitaa lake akapiga kitu kile kile, kodi zile zile tatu, kasi ndogo kuliko yangu, na mjukuu wake wa miaka kama mitano aliyekuwa anachezea mchanga pale uani akaanza kutikisa mabega bila kujua. Tofauti ilikuwa wapi? Nilimuomba apige tena nikamrekodi, nikaenda nyumbani nikasikiliza kwa kasi ya nusu. Kumbe hapigi kila pigo kwa nguvu sawa. Kuna pigo analigusa tu kama anaomba msamaha, na lile la juu analikata kwa kuinua vidole vya kushoto kidogo, sauti inakufa kabla ya muda wake, hapo katikati kunabaki kajinafasi, na huyo mtoto mabega yake yalikuwa yanachezea hako kajinafasi. Metronomu haiwezi kukuambia hilo. Ila, na hapa ndipo mimi na wapinga mazoezi tunaachana, bila metronomu mimi nisingeweza hata kulisikia, kwa sababu sikuwa na mahali pa kusimama. Nafasi unaiona kama una ukuta pande mbili.

Basi tukaongeza kitu kwenye daftari. Kipande nikishakiweza kwa kasi, nakirudisha chini, nakipiga kwa sauti ndogo kabisa, halafu nakipiga huku naimba, halafu nakipiga huku nimesimama natembea sebuleni. Kuimba ndio kulinimaliza, mkono ulisahau kila kitu kama haujawahi kushika gitaa. Wiki tatu hiyo.

Kitu kingine nilichokuwa nimekosea kwa miaka ni kufuata utaratibu wa mtu mwingine kwa ajili ya muziki wa mtu mwingine. Kuna kipindi huko nyuma nilijaribu kujipanga, msidhani sikujaribu, nikachukua kozi za YouTube, nikakaririshwa zile skeli (ngazi za sauti) za noti tano za bluzi, nikapanda nikashuka mpaka nikaota. Halafu nikiweka rumba nijaribu kuingiza solo nasikika kama mtu aliyevaa koti la baridi feri mchana. Skeli haikuwa na kosa, kosa ni kwamba rumba na dansi letu wanaongea sana kwa sauti mbili mbili zinazotembea pamoja. Mzee akanipa zoezi moja la hilo na mpaka leo ndilo nalipenda kuliko yote, nawapa na nyie bure, mwenye gitaa alichukue sasa hivi.

Uzi wa tatu na uzi wa kwanza tu, vile vya kati na vingine usiguse. Tuko kwenye C. Piga vyote viwili vitupu, bila kubonyeza. Halafu uzi wa tatu freti ya 2 na wa kwanza freti ya 1. Halafu 4 na 3. Halafu 5 na 5. Halafu 7 na 7. Halafu 9 na 8. Halafu 10 na 10. Ukifika 12 na 12 umerudi nyumbani, kile kile cha mwanzo ila juu. Ukiangalia utaona maumbo ni mawili tu, vidole vikae sambamba au vikae mshazari, hamna lingine. Panda na shuka kwenye 60, pigo moja kila jozi, usiinue vidole, viteleze. Siku ya nne hivi utaanza kusikia vipande vya nyimbo ambazo umezisikia kwenye mabasi maisha yako yote, vinatoka vyenyewe, na mimi siku hiyo nilisimama nikaita watu wa nyumbani waje wasikie, hakuna aliyekuja.

Halafu kuna suala la kidole gumba. Nilikuwa na rekodi za Jean-Bosco Mwenda, yule wa Katanga aliyekuwa anaimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika kurekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi panaitwa Likasi. Gitaa moja kavu, mtu mmoja, na unasikia kama wako wawili. Nilikuwa namsikiliza nasema hiki ni kipaji, Mungu kampa, tufunge mjadala. Kumbe jamaa alikuwa anatumia vidole viwili tu vya kulia, gumba na cha shahada, ukipunguza kasi unasikia gumba liko pale chini linatembea bila kujali chochote, tu, tu, tu, tu, na shahada ndiyo inayorukaruka juu yake. Mtindo huo ukasambaa mpaka Kenya, akina George Mukabi wakaufanyia kazi wakawa na mtu pembeni anakwangua chupa ya Fanta kushikilia mapigo. Chupa ya Fanta! Unaona hata wao walihitaji kitu cha kuwashika.

Nikasema nataka hiyo. Mzee akasema sawa, wiki mbili gumba peke yake. Shahada ikae pembeni. Wiki mbili napiga nyuzi nene tu, tu, tu, tu, huku naongea na watu. Hilo la kuongea ni sehemu ya zoezi, alitaka niwe najibu maswali ya mtoto wangu gumba lisisimame. "Baba kwa nini mwezi unatufuata?" Gumba likisimama, naanza upya. Ilichukua siku tisa kabla sijaweza kujibu swali lolote lenye maneno zaidi ya matatu.

Wiki ya tatu shahada ikaruhusiwa kuingia, noti moja. Moja tu, kwenye pigo la tatu. Halafu ikahamia katikati ya mapigo, hapo nikaharibikiwa siku nne. Siku ya tano nikiwa sina hata habari ikakaa. Sijui nieleze vipi, ni kama kuendesha baiskeli, dakika moja unaanguka dakika inayofuata huanguki na huwezi kusema ulibadilisha nini.

Nimebaki na maswali ambayo mzee hana majibu yake au hataki kunipa. Kwa mfano vijana wa kanisani kwetu wanajifunza gitaa ndani ya miezi minane, hawana daftari hawana metronomu, wanapiga vizuri kuliko mimi. Nimewachunguza. Wana kwaya. Jumatano mazoezi, Ijumaa mazoezi, Jumapili ibada mbili, wimbo lazima ufike mwisho kwa sababu watu wanaimba, akikimbia mwalimu wa kwaya anamkata jicho. Sisi tunaojifunzia sebuleni peke yetu na simu hatuna mtu wa kutukata jicho.

Yule mpiga dramu nilirudi kwake mwaka uliofuata, mwezi wa saba hivi. Sebuleni pale pale, feni ile ile. Sebene ilienda dakika tisa, nilihesabu, na mkono haukukakamaa kwa sababu kumbe wakati wote nilikuwa nabana piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) kama naibiwa, mzee alinifanya nipige mwezi mzima huku ameshika ncha ya piki, akiivuta ikakatalia vidoleni anasema umebana. Tulipomaliza mpiga dramu hakunisifia. Aliinama akakaza parafujo ya dramu yake, akasema "tuanze ile nyingine". Kwa mpiga dramu hayo ni maua.

Sasa hivi kwenye daftari niko ukurasa wa hamsini na kitu, daftari la tatu. Wimbo ninaoujua mpaka mwisho ni sita. Sita, kutoka arobaini. Kuna wa saba unanishinda pale unapotoka ubeti wa pili, kuna kodi inakuja nusu pigo kabla ya wakati na mimi kila siku naifikia wakati wake. Mzee siku hizi hatoki sana, miguu inamsumbua, kwa hiyo namtumia sauti kwa WhatsApp naye ananijibu akijisikia. Juzi nilimtumia hicho kipande, nikaandika chini "mzee bado nachelewa, nifanyeje". Tiki mbili za bluu. Kimya mpaka usiku.

Saa nne hivi ikaingia sauti yake, dakika moja na sekunde kumi. Nikafungua nikijua ni maelezo. Hamna neno hata moja. Anagonga meza kwa kidole, tu, tu, tu, tu, polepole, chini hata ya 60, na nyuma yake unasikia taarifa ya habari kwenye redio. Anagonga tu mpaka inakatika.

Nikaichomeka kwenye spika, nikaiweka ijirudie, nikachukua gitaa.